Jicho la Longino

Malinaw, Marinduque
Ijumaa, 9 Machi

Dada yangu mpenzi Luming,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi cha baridi ya kiwandani kimeshakuacha. Nimefurahi kusoma kwamba msimamizi amekusifu tena, kwamba katika safu nzima ya wasichana wanaokagua vipuri kwa hadubini hakuna mwenye macho kama yako. Sisi huku hatujambo wote. Bining anaota magego na anauma kila kinachomkaribia. Jumapili alimuuma padre kidole akiwa anambariki, na padre akasema mtoto huyu atakuwa mbunge. Rodel hajambo ila goti humsumbua akishuka mnazini. Anakusalimu, anasema ukija umletee dawa ya kuchua, kwani ya dukani kwetu haina hata nguvu ya kumfukuza mbu. Nguruwe wa Bi Basyon amezaa kumi na mmoja, na tangu siku hiyo kila jirani ni rafiki wa chanda na pete wa Bi Basyon.

Barua yako niliipokea Jumatatu pamoja na fomu ya kiwanda na peremende za Bining, asante sana. Nimeisoma mara tatu. Najua uliiandika kwa upendo na kwa hasira, maana mahali pengine kalamu imetoboa karatasi. Basi nami natanguliza jibu, ili usisome huku moyo unakudunda: siji. Ile nafasi uliyoniombea, mpe msichana mwingine. Kinyago cha Baba sikiuzi kwa yule bwana wa Manila anayevikusanya, hata akija na lori. Na Jumatano saa saba mchana nitakuwa palepale unapopachukia, mbele ya darasa la nne, nikiwafundisha Maandiko watoto wa watu, bure, kama ulivyosema.

Uliandika kwamba nisipokuja kufikia mwisho wa mwezi huu, nisikuandikie tena. Nimeogopa, dada, sikufichi. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitatu na wewe kumi, na mgongo ninaoukumbuka mimi ni wako. Lakini katika barua hiyohiyo uliandika swali na kulipigia mstari: “Unapata nini, Petang? Nitajie hata kitu kimoja.” Basi umeuliza mwenyewe. Mtu aliyeuliza anakaa chini anasikiliza jibu mpaka mwisho. Baada ya hapo ukitaka kuninyamazia, ninyamazie.

Nianze na siku ya kwanza. Mwalimu Lacdao unamjua, alikufundisha na wewe. Nguo zake ndizo ninazofua kila Jumamosi. Bi Sabel, katekista wetu wa zamani, alipohamia kwa mwanawe, parokia ilitangaza miezi miwili ikitafuta mtu wa kuchukua saa yake moja ya dini shuleni, na hakujitokeza mtu. Nilipokwenda mimi, nikiwa na mtoto wa miezi miwili kifuani, walinitazama kama mtu aliyekosea mlango. Waliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la sita. Waliniuliza kama nina sauti. Nikasema ninayo, muulizeni mume wangu.

Basi nikaingia darasani na vikaratasi vya ruhusa walivyotia saini wazazi, maana bila karatasi ya mzazi mtoto haruhusiwi kukaa kwenye somo letu. Mwalimu Lacdao akavikagua kimoja kimoja kama anayetafuta doa, halafu akawatangazia watoto kwamba leo wanafundishwa na dobi wake, kwa hiyo wakae vizuri wasije wakakamuliwa na kuanikwa. Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Nikafungua mdomo nikajisikia nasema: “Ni kweli, watoto, mimi ni dobi wa Mwalimu. Petro naye alikuwa mvuvi. Haya, tuanze.” Nilitaka kugeuka nione ni nani aliyesema.

Saa ilipokwisha walisimama wote thelathini na mmoja wakasema kwa ile sauti yao ya kuvuta, “Kwaheri, Mwaliiimu.” Dada, mimi nimeitwa majina mengi. Nimeitwa Petang wa mchonga mbao, dobi, mke wa Rodel, wewe msichana, wee njoo. Mwalimu nilikuwa sijaitwa. Nilibeba kapu langu nikatembea mpaka nyumbani bila kusikia uzito wake. Hicho andika ni kitu cha kwanza, ingawa najua utasema hakiliwi.

Hata Rodel alisema hakiliwi. Mwanzoni alikuwa akiwaambia wenzake huko minazini kwamba mkewe analipwa mbinguni, ila bahati mbaya mbinguni hawauzi mchele. Walicheka sana. Nikamwambia hata mimi nimeshaona: katika nyumba hii kuna mtu analipwa duniani na mchele vilevile hatuuoni. Siku hizi Jumatano hula chakula cha mchana kilichopoa bila kulalamika, na jana nilimsikia akimsimulia Bining habari za Yona, ingawa samaki wake alikuwa na miguu.

Na hao watoto! Natamani ungewasikia. Nilipowasimulia Lazaro, Dulce, binti wa Ambo mchonga vinyago, alinyoosha mkono akauliza kama yule dada yake Lazaro aliziba pua. Nilipofika kwenye sikio alilokata Petro, Onyok akataka kujua kama sikio lilirudi na hereni yake. Wiki iliyofuata mama yake Onyok alinisimamisha sokoni, mkono kiunoni, akaniuliza nimemfanya nini mwanawe. Nikajua nimekwisha. Kumbe kijana amempiga mwenzake ngumi, akaenda zake, halafu akageuka akarudi kumpangusa pua kwa shati lake mwenyewe. Mama yule alisema hajui kama afurahi au amchape kwa kuchafua shati. Alinipa ndizi kichane kizima. Hizo zililiwa, dada. Bining alikula nne, akatapika, akaomba nyingine.

Bining hulala nyuma ya darasa ndani ya lile kapu la nguo. Akiamka mapema anasimama, anashika ukingo wa kapu na kusikiliza kama mheshimiwa. Amina anaitamka kabla hajajua kutamka maji.

Sasa nikueleze jinsi nilivyoharibu, maana sitaki uje uyasikie kwa Bi Basyon yakiwa na chumvi.

Wewe na mimi tumelelewa chini ya kile kinyago. Kabla sijajua kuhesabu nilijua kwamba askari aliyemchoma Bwana ubavuni aliitwa Longino, alikuwa na chongo, tone la damu likamrukia jicho bovu, akaona. Nani kwetu asiyejua? Kila Juma Kuu tunamwona akikimbizwa barabarani na moriyoni wenzake, watu wa nadhiri kama Baba, wenye vinyago vya askari wa Kirumi na maua ya karatasi kichwani, akijificha mpaka chini ya vitanda vya watu. Basi Kwaresima ya mwaka jana nilifundisha hivyohivyo, na mwaka huu nikarudia kwa mbwembwe zaidi. Niliwaambia watoto yameandikwa kwenye Biblia. Sikudanganya, dada. Niliamini yamo. Haikunijia hata siku moja kwenda kutazama. Unatazama kwenye kitabu kama jua linatoka upande gani?

Wiki ya kwanza ya Kwaresima akaja Sista Amparo, mkuu wa makatekista, kukagua. Ni mama mfupi mwenye miwani minene na viatu vya mwanamume. Alikaa nyuma karibu na kapu la Bining. Akawauliza watoto ni nani aliyemchoma Bwana ubavuni. Ukuta ulitikisika: “Longino!” Akauliza wanajua nini habari zake. Wakashindana: chongo, damu, akaona, akakatwa kichwa! Nilikuwa nimevimba kama mkate. Ndipo Sista akasema kwa upole kwamba ni vizuri sana, sasa mmoja amsomee mahali palipoandikwa.

Wote wakanigeukia mimi.

Nilifungua kwa Yohana, nikijua ndipo penye mkuki. Mkuki ulikuwepo. Damu ilikuwepo na maji yalikuwepo. Askari alikuwepo, hana jina. Jicho halikuwepo. Nikafunua ukurasa wa mbele, nikarudi wa nyuma. Nikaenda kwa Luka. Nyuma nikamsikia Bining akinyonya kidole. Halafu Mwalimu Lacdao akasema pale dirishani, si kwa sauti kubwa, lakini ya kutosha, kwamba hii ndiyo hasara ya kumpa dobi Biblia, anaongeza sabuni mpaka povu linafunika nguo.

Sista Amparo hakucheka. Aliniita nje akasema habari za Longino ni za wazee wetu na ni nzuri, lakini siyo Maandiko, na mtoto akigundua ukubwani kwamba ulimpa kimoja kwa jina la kingine, atavitupa vyote viwili. Alisema atarudi baada ya wiki tatu, nilirudie somo hilo mbele yake. Nikishindwa, saa ile itafungwa, kwa kuwa hana mtu mwingine wa kumleta Malinaw. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningemjibu.

Niliporudi nyumbani nililia mpaka Bining naye akalia bila kujua analilia nini. Bi Basyon akaja na ushauri wake: mwambie Sista anachotaka kusikia, akipanda gari la jeepney tu, mrudishe Longino wako. Rodel akasema tuyaache, angalau Jumatano nitapumzika. Alisema kwa kunihurumia, lakini neno hilo lilinichoma kuliko la Mwalimu Lacdao.

Nikaamua kusoma. Si mistari ya kuchaguliwa kwenye kijitabu cha makatekista, yote, Injili zote nne, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hujawahi kuona mtu akisoma hivi. Niliifunga Biblia kwenye mfuko wa nailoni, nikaisimamisha juu ya jiwe pale mtoni, nikawa nafua shati moja, nasoma aya moja, kidole changu kimejaa povu. Neno lisilopanda nalirudia mpaka linapanda. Nilimkuta mwanamke kisimani nami niko na ndoo. Nilikuta mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kunisimulia, na nikawa nacheka peke yangu, wenzangu wakauliza Petang kapatwa na nini. Wiki zote hizo, dada, kichwa changu kilikuwa kama nyumba iliyofunguliwa madirisha. Mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, nimesoma vitabu vinne kwa wiki tatu. Kiandike hicho nacho.

Longino sikumkuta humo. Lakini nimekwambia barua yako ilifika Jumatatu, na Sista alikuwa anakuja Jumatano. Sasa naungama la kwanza: Jumatatu ile, baada ya kuisoma mara ya tatu, nilichukua kalamu nikajaza jina langu kwenye fomu yako. Nikajaza na tarehe ya kuzaliwa. Nilijiambia, kwa nini nikaaibike mara ya pili mbele ya thelathini na mmoja, wakati dada yangu ananiita? Nilifika kwenye mstari wa sahihi, Bining akaninyang’anya kalamu akakimbia nayo chini ya meza. Sikumfuata haraka. Nilikaa pale nikatazama kinyago cha Baba ukutani, na nilipoinuka nilikuwa nimekasirika. Sijui niseme nilimkasirikia nani. Labda mimi mwenyewe, kwa kutaka kutoroka na watoto wa watu wamebaki na neno langu la uongo mikononi.

Jumatano nilikitia kinyago kwenye kapu badala ya nguo, nikaenda nacho.

Sista Amparo alikuwa ameshakaa. Mwalimu Lacdao alikuwa dirishani, safari hii amevuta kiti. Nilikiweka kinyago mezani na watoto wakanyoosha shingo, maana huwa hawaruhusiwi kukisogelea. Nikawaambia bila kuzunguka kwamba Mwalimu wao alikosea. Kwamba nilisema Longino na jicho lake yamo kwenye Biblia, nami nimetafuta ukurasa kwa ukurasa, hayamo. Askari yumo na mkuki umo. Hayo mengine tumepokea kwa babu zetu, tunayapenda, lakini mtu akikuuliza yameandikwa wapi, usimwonyeshe kitabu hiki.

Halafu Dulce, yule wa pua ya Lazaro, akasimama bila kunyoosha mkono. Macho yalikuwa yamemjaa. Akasema, “Kwa hiyo baba yangu anajitesa juani na kile kinyago bure, Mwalimu?”

Kijitabu cha makatekista hakina jibu la swali hilo. Nikamwita mbele nikamvika kinyago cha Baba, nikamshikia kwa mikono miwili kwa sababu ya uzito. Nikamuuliza anaona nini. Akasema haoni kitu, vitundu viwili tu. Nikamuuliza kwenye vitundu hivyo kuna nini. Akazungusha kichwa kidogo kidogo, akasema anamwona Onyok. Onyok akamtolea ulimi, darasa likacheka. Nikawaambia: baba yake Dulce hatembei kwa sababu Longino alikuwa na chongo. Anatembea kwa sababu alimwahidi Mungu kitu, kwa ajili ya mtu anayempenda, na siku saba za mwaka anamwona mtu huyo peke yake kwenye vitundu vile. Ahadi yake ni ya kweli hata kama jicho la Longino sina ukurasa wake. Kisha nikawasomea mkuki, damu na maji kama vilivyo, polepole, kwa kidole, bila kuongeza hata tone.

Nilipomaliza, Sista Amparo alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Alisema niendelee, na kwamba mwezi wa Mei kuna mafunzo ya siku kumi mjini Boac, niende, na mtoto nimbebe. Lakini hicho siyo kilichonitoa machozi. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, Mwalimu Lacdao alisimama, akagonga meza na kusema kwa ile sauti yake ya gwaride: “Simameni. Mwalimu anaondoka.”

Sasa, dada, nimefika kwenye lile ambalo Baba alinikataza kukuambia kabla hujatimiza miaka thelathini na mitatu. Namvunjia amri yake, na kama amekasirika huko aliko, tutazungumza nikifika. Kama barua hii ni ya mwisho utakayofungua, basi liwemo.

Ulipokuwa na miaka minne ulipata surua ikakuingia machoni. Unakumbuka kwamba uliwahi kufungwa kitambaa, ulinisimulia, ukadhani ulikuwa mchezo. Haukuwa mchezo. Siku tisa hukufungua macho, na daktari wa Boac alimwambia Mama jicho la kulia wasilitegemee. Ilikuwa Juma Kuu. Baba alitoka nje asikie hewa, moriyoni walikuwa wanapita wakigonganisha vijiti vyao, na akapiga magoti palepale njiani. Aliahidi kwamba ukiona, atavaa kinyago kila Juma Kuu mpaka utimize miaka ya Bwana wetu. Jumapili ya Pasaka ulimuuliza Mama ni nani aliyeanika kitambaa chekundu kwa jirani.

Hakukuambia kwa sababu hakutaka uishi ukidhani macho yako ni ya kuazima.

Najua kwa nini unakichukia kinyago kile. Kuhitimu kwako sekondari kuliangukia Jumatatu ya Juma Kuu. Ulimpigia shati pasi, naye hakuja, ukapanda jukwaani peke yako na medali ukavalishwa na mke wa diwani. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuona ulivyokaza shingo usilie. Dada, alikuwepo. Mwenye nadhiri hakivui kinyago kabla ya Pasaka wala hasemi na mtu. Alibadilishana kinyago na Ambo ili usimtambue ukaona haya mbele ya wenzako, akasimama kwenye uzio wa uwanja, upande wa magoli, tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Ulipita karibu naye na medali yako. Aliniambia ulinukia sabuni ya waridi.

Alipofariki ulikuwa na miaka ishirini na saba. Ikabaki sita. Alinikabidhi mimi. Juma Kuu lililofuata nilikivaa, tumbo la Bining likiwa la miezi sita, na Jumanne saa sita mchana nikaanguka katikati ya barabara. Nilikuandikia kwamba nimeteleza kisimani. Nilikudanganya. Padre alinivua kinyago kile, akanimwagia maji, akanigombeza mpaka akachoka. Halafu akasema nadhiri inaweza kubadilishwa ikawa kazi: kila Juma Kuu moja, mwaka mmoja wa darasa. Ndiyo maana nilikwenda na mtoto mchanga kifuani walipokuwa hawamtaki dobi. Wa pili unaisha mwezi huu. Bado minne.

Lakini usije ukajidanganya kwamba nimebaki kwa ajili ya nadhiri tu. Kama ingekuwa hiyo peke yake ningekimbia ile siku ya povu. Nilianza kwa ajili yako. Sasa nafundisha kwa sababu ni kazi yangu, naijua, na inanijua. Minne ikiisha nitaendelea, na akitokea wa kunizuia anyooshe mkono kama watoto wengine.

Umeniuliza napata nini. Wewe unakaa siku nzima na hadubini, ukikuta ufa ambao wenzako wanaupita, na msimamizi anashangaa umetoa wapi macho hayo. Mimi sishangai. Jicho la Longino nimelitafuta vitabu vinne sikuliona. Lako nimeliona.

Fomu nakurudishia ndani ya bahasha hii. Jina langu nimelikata, na hiyo michoro nyuma ni Bining, anasema ni wewe. Juma Kuu liko wiki mbili mbele. Hujakanyaga hapa tangu mazishi ya Baba. Njoo. Kinyago kiko kwenye msumari uleule, hutakiwi kukivaa, ukishike tu, uchungulie kwenye vile vitundu ujue Baba alikuwa anakuona kwa ukubwa gani. Na ukija Jumatano pitia kwanza shuleni, saa saba. Nitakuwekea nafasi kwenye benchi, karibu na kapu.

Rodel anakusalimu mara ya pili kwa sababu ya ile dawa. Bi Basyon anakusalimu na kuuliza kama unataka mtoto wa nguruwe. Bining anakubusu kwa mdomo wenye peremende yako. Wasalimie wote unaokaa nao chumbani, uyatunze macho, usisahau koti.

Ni mimi mdogo wako niliyekuwa mgongoni mwako,

Mwalimu Petang